Kivuli cha mkoko na zile mita thelathini

Tuseme ukweli, wapenzi wasomaji. Siku mkoko wa kwanza unapoingia nyumbani, hata kama ni IST iliyokwisha kuzeekea Japan, nyumba nzima inabadilika. Majirani wanakuja "kusalimia tu", mama mkwe anapiga simu kuuliza kama habari alizozisikia ni za kweli, na wewe mwenyewe usiku unaamka mara mbili kuchungulia dirishani kama bado lipo. Wiki ya pili ndiyo swali linabisha hodi: hili gari litakuwa linalala wapi? Vumbi la Julai linaingia mpaka kwenye redio, mvua za Novemba zinaleta tope hadi kwenye viti, na ule mparachichi wa uani umeshaangusha tunda moja juu ya boneti. Hapo ndipo wazo la kibanda linapozaliwa. Nguzo nne, mabati nane, fundi wa mageti, kwisha kazi.

Kwisha kazi? Taratibu kwanza.

Mwezi uliopita nilipata barua ndefu kutoka kwa dada mmoja, muuguzi, anayeishi na mumewe kwenye mji mmoja wa barabarani kati ya Lusahunga na Rusumo. Jina lake na la mji wake nayaacha kwenye droo yangu, na ukiendelea kusoma utaona kwa nini. Kwa wasioijua njia ile: Lusahunga iko wilaya ya Biharamulo, na hapo ndipo lami inayotoka Isaka na Kahama inapokata kuelekea Nyakahura, ikaingia wilaya ya Ngara, ikapita Benaco na kuteremka hadi darajani Rusumo, mpakani na Rwanda. Ni kama kilometa 92 hivi, malori mchana na usiku. Miji ya njiani imekua kwa malori hayo: gesti, migahawa, maduka ya spea, vibanda vya kutuma pesa. Na tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa pale Rusumo mwaka 2016, vijana wasomi wamejaa: mawakala wa forodha, maafisa wa benki, walimu, wauguzi. Ndio hao hao wanaosoma ukurasa huu, na ndio hao wanaonunua IST.

Sasa dada yetu anasema hivi. Walinunua kiwanja pembeni mwa lami mwaka 2019, wakajenga kidogo kidogo, wakahamia. Gari limekuja mwaka jana. Mume, ambaye ni wakala wa forodha, anataka kibanda cha gari kikae mbele ya nyumba, upande wa barabara, mabati ya bluu, nguzo za chuma, zege chini. Mke hataki. Anasema pale mbele ni "kwa TANROADS" na siku moja watakuja na rangi. Mume anajibu kwa sentensi moja ambayo nadhani kila fundi wa Tanzania anaijua: "Banda si nyumba." Ubishi ukawa mkubwa. Na pesa yenyewe, shilingi 2,400,000, ni mgawo wa mke kutoka kikoba chake. Akamwambia mumewe kikoba hakijagawa. Kumbe kilishagawa zamani, na pesa iko kwenye simu. Mume akaja kuzijua habari hizo kutoka kwa mke wa mwenzake kazini. Barua inaandikwa, wana wiki mbili wanazungumza kwa salamu tu na "chakula kiko mezani".

Anauliza: "Dada mhariri, nani yuko sahihi?"

Ndugu zangu, nimezoea barua za wivu, za mawifi, za meseji za usiku wa manane. Hii ya vibali vya ujenzi imenitoa jasho. Nimebeba maswali yake kwa rafiki yangu mmoja afisa mipango miji, nikasoma sheria mbili tatu usiku na kahawa pembeni, na nikagundua kuwa huu ni ugomvi wa nyumba nyingi, si moja.

Tuanze na hiyo kauli ya "banda si nyumba". Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haiulizi kama ulichojenga ni nyumba. Inauliza kama umefanya "uendelezaji", na neno hilo ni pana kweli kweli: kujenga, kuchimba, kuweka kazi ya kihandisi juu ya ardhi au chini yake, hata kubadili matumizi ya jengo ambalo tayari lipo. Ndani ya eneo lililotangazwa kuwa eneo la mipango, hakuna kuendeleza ardhi bila ridhaa ya mamlaka ya mipango, ambayo kwa Ngara na Biharamulo ni halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo nguzo zilizofukiwa kwenye zege zikabeba paa ni uendelezaji, ziwe zimefunika kitanda au Noah. Turubai unalofunga Jumamosi kwa ajili ya kitchen party na kulifungua Jumapili, hilo halina ugomvi na mtu. (Nikitaja turubai mbele ya mtu mzima wa Ngara huwa najishika ulimi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja, na pale Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, ukazaliwa mji wa maturubai ambao dunia nzima iliuona kwenye televisheni. Kule watu wanajua vizuri tofauti ya kilichojengwa na kilichofungwa kwa kamba.)

Lakini kabla ya kibali kuna swali lingine ambalo wachumba wengi hawaulizani wakati wa kununua kiwanja, kwa sababu macho yote yako kwenye bei. Hii ni ardhi ya aina gani? Sheria ya Ardhi ya 1999 inaigawa ardhi yetu katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Ukisikia hifadhi usifikirie tembo tu, ingawa wilaya zile zinawajua tembo pia, maana mapori ya Burigi na Biharamulo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019. Eneo la barabara kuu nalo ni ardhi ya hifadhi. Na hapo ndipo dada yetu na mumewe walipokwaruzana.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua eneo la hifadhi ya barabara kuu na za mikoa. Zamani, tangu sheria ya enzi ya mkoloni ya 1932, watu walizoea mita 22.5 kila upande. Sheria ya 2007 ikasema mita 30 kila upande, jumla 60. Na kipimo kinaanzia katikati ya barabara, pale kwenye mstari, si kwenye ukingo wa lami wala kwenye mtaro. Watu wengi hukosea hapo. Unapima kutoka mwisho wa lami, unafurahi, kumbe umejiongezea mita kadhaa ambazo si zako.

Hii habari ya mita ina historia yake kwa watu wa kule. Waziri aliyejulikana nchi nzima kwa kulinda hifadhi ya barabara kwa nyundo alikuwa mbunge wao. John Magufuli alikuwa Mbunge wa Biharamulo Mashariki tangu 1995, kabla jimbo hilo halijageuka kuwa Chato, na alikuwa Waziri wa Ujenzi kati ya 2000 na 2005, akairudia wizara hiyo kuanzia 2010 hadi alipokuwa Rais mwaka 2015. Bomoabomoa zake zilizua kelele hadi mwaka 2011 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akazisimamisha hadharani. Miaka sita baadaye, 2017, zikaanguka mamia ya nyumba pale Dar es Salaam kati ya Kimara na Kibaha, ambako eneo la Barabara ya Morogoro lilidaiwa kuwa mita 121.5 kila upande. Mle ndani kulikuwa na nyumba za maana, za watu wenye digrii na mikopo ya benki. Wengine walikuwa na karatasi mkononi. Basi mtu wa Nyakahura akiona kijana wa TANROADS na kopo la rangi, haoni mchezo.

Na rangi zenyewe zina lugha. X nyekundu maana yake wewe umeifuata barabara: uliikuta, ukajenga ndani ya eneo lake, utabomoa na hakuna fidia. X ya kijani maana yake barabara imekufuata wewe: ulikuwepo kihalali kabla sheria haijapanua eneo, na likihitajika utalipwa. Sasa fikiria nyumba iliyojengwa mwaka 2001, mita 26 kutoka katikati ya barabara. Nyumba ile ina hoja ya kijani. Lakini kibanda cha gari alichokiongeza mwenye nyumba juzi, mbele yake, mita 23, hakiwezi kuazima umri wa nyumba. Kila kitu kinapimwa kwa siku yake ya kuzaliwa.

Nikamwandikia dada: chukueni futi kamba, nendeni wote wawili, mkapime. Nikasisitiza wote wawili, na asubuhi mapema kabla malori hayajachangamka, mmoja aangalie barabara. Majibu yalikuja kwa meseji. Ukuta wa mbele wa nyumba: mita 33 na kidogo. Pale mume alipotaka kusimamisha nguzo za mbele za kibanda: mita 24.

Hesabu imekaa upande wa mke. Nyumba iko salama na banda lingekuwa mita sita ndani ya barabara. Shilingi 2,400,000 zingekuwa zinasubiri X nyekundu, na kwa vile barabara ya Lusahunga hadi Rusumo imekuwa kwenye mipango ya ukarabati mkubwa miaka hii, wala isingekuwa kusubiri kwa muda mrefu. Naongeza jambo moja: barabara ikikarabatiwa, mstari wa katikati unaweza kusogezwa kwenye kona. Anayejua mstari ulipo na utakapokuwa ni TANROADS mkoa, Bukoba. Barua ya kuuliza ni bei ya bahasha. Na hata lile geti la kutokea barabara kuu, njia ya kuingilia kwako, inaombewa ruhusa kwao, usijimwagie kifusi juu ya mtaro. Ukiwa kwenye barabara za mitaa na za vijijini, mwenyewe ni TARURA, tangu 2017, na vipimo vyake ni vingine.

Mume aliwahi kumwambia mkewe kwamba mbona waliouziana kiwanja walipeleka karatasi kwa mtendaji, ikagongwa muhuri. Hii nayo ni hadithi ya wengi. Sehemu kubwa ya Ngara na Biharamulo, kama nchi yetu kwa jumla, ni ardhi ya vijiji, na inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kule halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji vina nguvu kweli. Kama uko kijijini ndani, Rulenge ya mbali huko au Keza, nje ya eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji, safari yako ya kibanda cha gari ni fupi zaidi: angalia mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kama upo, sheria ndogo, ongea na mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, na weka mambo kwenye maandishi. Lakini kijiji hakiwezi kugawa kisicho chake. Barabara kuu inapopita katikati ya kijiji, eneo lake ni hifadhi, na muhuri wa kijiji juu ya mita ya 24 ni wino mtupu. Muuzaji anajua. Ndiyo maana kile kiwanja kilikuwa bei rahisi!

Vivyo hivyo ukijenga karibu na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wenye viwanja vyenye mandhari ya Ruvubu au Kagera, mmesikia.

Haya, tuseme uko Ngara mjini au Biharamulo mjini, kiwanja kimepimwa, bikoni zinaonekana, hakuna barabara kuu mbele yako. Kibali kinaombwaje? Si mchakato wa kutisha kama watu wanavyousimulia. Unahitaji uthibitisho kwamba kiwanja ni chako, yaani hati au barua ya toleo, risiti ya pango la ardhi iliyolipwa (hapa ndipo wengi wanapokwama, maana hawajalipa tangu Kikwete yuko Ikulu), michoro inayoonyesha kiwanja, nyumba iliyopo na mahali kibanda kitakapokaa, na utambulisho wa serikali ya eneo lako. Maombi yanakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na siku hizi mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI umechukua kazi hiyo mtandaoni. Yatapita kwa watu wa mipango miji, ardhi, uhandisi, afya. Ada inategemea halmashauri na unalipia kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu akikuambia umpe yeye mkononi "ili faili litembee", hiyo si ada, na wewe na mwenzi wako mnajua jina lake.

Mchoro wa kibanda cha gari hauhitaji kuwa wa ghorofa. Lakini uonyeshe umbali. Kila kiwanja kilichopimwa kina nafasi ambazo hazijengwi: mbele, ubavuni, nyuma. Mita zenyewe zinategemea ukubwa wa kiwanja na mtaa wako, na afisa mipango miji atakusomea za kwako. Na kuna kiwango cha sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na paa. Ukishajenga nyumba kubwa, jiko la nje, choo cha wageni na banda la kuku, unaweza kukuta paa la gari ndilo linalokuvusha mstari. Vijana wengi wanajenga nyumba kwanza, halafu wanakumbuka gari. Kama bado mko kwenye msingi, chora gari sasa. Hata kama ni la ndotoni.

Ile nafasi ya ubavuni nataka niiseme kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiyo inayovunja ujirani, na Ngara ni nchi ya milima. Paa la kibanda lenye mwinamo wa upande mmoja, na kwa kawaida fundi atauinamisha kwenda kwa jirani maana kwako kuna mlango, linakusanya maji yote ya mvua na kuyamwaga mahali pamoja. Kwenye tambarare ya Dar ni dimbwi. Kwenye mteremko ni mfereji, na mfereji ule unakwenda kuchimba msingi wa mwenzako aliye chini yako, au migomba yake. Niliwahi kukaa barazani kwa wazee wawili wa kule ambao hawajanywa rubisi pamoja kwa miaka kwa sababu ya maji ya bati. Weka gata, peleka maji kwenye tangi, utaoshea hilo hilo gari. Na kabla hujachora, mwite jirani aone. Simaanishi umwombe ruhusa ya kuishi. Mwonyeshe tu. Afisa akija kukagua, jirani aliyeonyeshwa anakuwa shahidi wako, jirani aliyefichwa anakuwa mlalamikaji.

Kuna na hili la kibanda kubadilika tabia. Gari likiuzwa, au likikaa gereji miezi mitatu, paa linabaki tupu. Shemeji anaomba aweke friji ya soda. Baadaye meza. Baadaye viti sita, taa za rangi na spika, tayari mna grosari. Matumizi ya kiwanja yameandikwa kwenye hati yako, na kama imeandikwa makazi, ni makazi. Kuuza bia chini ya paa la gari ni kubadili matumizi, na kibali cha kibanda hakikufuati huko. Sisemi msifanye biashara, maisha ni magumu. Nasema iombewe kwa jina lake.

Sasa turudi kwa mke na mume, maana huu si ukurasa wa wahandisi.

Dada, kwenye mita una haki. Kwenye pesa huna. Ulikuwa na hoja nzuri kabisa mdomoni, ukaiacha, ukachukua uongo. Mumeo leo hagombani na wewe kuhusu barabara. Alipopima akaona mwenyewe, na uliniandikia kwamba alikunja futi kamba kimya kimya. Anachouliza ni kwa nini habari za kikoba chake, naam, chake pia, azisikie kantini. Ungemwambia "naogopa X", mngegombana nusu saa. Ulimwambia "hakijagawa", mmegombana wiki mbili na bado. Nakuambia kama dada yako: anza na hilo, kabla ya mabati.

Na wewe shemeji, nina la kwako. Dada aliniandikia jambo ambalo hakulipigia mstari lakini mimi nimelipigia: kiwanja kimeandikwa jina lako peke yako, na kila tofali tangu 2019 lina mshahara wa watu wawili. Sasa unataka na 2,400,000 ya mkeo iingie kwenye ardhi hiyo hiyo. Woga wake haukuwa wa TANROADS peke yake. Sheria ya nchi, kwa bahati, ilishauona woga huo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtambua mwenzi aliyechangia kwa kazi yake kuitunza na kuiendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwingine. Na kama mnadhani mchango ni noti tu, kasomeni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Miaka arobaini na zaidi imepita na bado tunaandika jina moja.

Kwa kuwa mnakwenda kuomba kibali, na kibali hutoka kwa jina la mwenye kiwanja, basi safari hiyo hiyo ya kwenda ofisi ya ardhi iwe ya kuulizia kuandikwa majina mawili. Hata hati ya hakimiliki ya kimila ya kijijini inaweza kubeba majina ya mke na mume. Ni foleni moja, nauli moja. Dada hakuniomba niliseme hili. Nimelisema mwenyewe.

Kibanda chenyewe kitakwenda wapi? Walinitumia mchoro kwenye karatasi ya daftari. Ubavuni, kulia kwa nyumba, kuna mita nne na nusu hadi mpaka. Gari la aina ya IST halifiki hata mita 1.7 kwa upana, milango ikifunguka unahitaji kama mita tatu kukaa kwa raha, na inabaki nafasi ya kuachia mpaka, ambayo afisa ataisema inatosha au haitoshi. Shida ni kwamba pale ubavuni ndipo bustani ya mchicha na nyanya ya mke ilipo. Nilipomwambia, alijibu kwa meseji moja: "Kumbe na mimi nitatoa kitu." Wanajadiliana. Mabati ya bluu, nasikia, hayana mpinzani tena.

Nimalizie na swali la kaka mmoja mwalimu wa sekondari, Biharamulo, aliyepanga. Anasema mwenye nyumba amemruhusu kwa mdomo ajenge kibanda cha gari kwa pesa yake, je, akihama atakibeba? Kaka, kwa Sheria ya Ardhi, jengo lililoshikamanishwa na ardhi moja kwa moja linahesabiwa kuwa sehemu ya ardhi. Ukimwaga zege na kuchomelea nguzo, umemjengea mwenye nyumba. Na kibali akiombe yeye, si wewe, kwa sababu kiwanja ni chake na barua ya kusimamisha ujenzi ikija itakuja kwa jina lake. Andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa eneo: nani amelipa kiasi gani, kama itakatwa kwenye kodi ni miezi mingapi, na kama ni ya kubeba, basi isemwe ni ya kubeba. Halafu mwambie fundi nguzo zikae juu ya vibao vya chuma, zifungwe kwa boliti. Atakuambia kuchomelea ni rahisi zaidi na ni imara zaidi. Mwambie boliti.